Yai ni hapana, maziwa ni kiasi: kumlisha mtoto kwenye bato kati ya Bukavu na Goma

Swali, kutoka kwa mama wa Bukavu: «Mtoto wangu wa kiume ana miaka miwili na nusu, kilo 12. Akinywa maziwa ya ng'ombe tumbo linajaa gesi, na baada ya saa moja hivi anaharisha maji. Yai nalo likimgusa tu, vipele vinatoka kuzunguka mdomo. Mara moja mdomo wa juu ulivimba. Mwezi ujao tunakwenda Goma kwenye harusi, siku tatu, kwa bato. Baba yake anataka bato ya usiku kwa sababu ina vitanda. Mama mkwe anasema mtoto atazoea kila kitu akiachwa ale. Nimpikie nini, na nifanye nini jambo likitokea katikati ya ziwa?»

Mama, umeandika kama mtoto ana shida moja ya chakula, lakini ana mbili, na hazifanani. Maziwa yanamsumbua kwa sababu utumbo wake haumalizi kumeng'enya sukari iliyomo, inayoitwa laktozi. Sukari hiyo inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa, maji yanavutwa na mtoto anaharisha. Inaumiza na inachosha, lakini inategemea amekunywa kiasi gani. Yai ni jambo jingine kabisa. Vipele na mdomo uliovimba ni kazi ya kinga ya mwili, yaani aleji. Huanza dakika chache baada ya kula, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Chembe ndogo inatosha. Na safari moja ya vipele tu haikuhakikishii kwamba inayofuata haitafika kooni. Kwa hiyo kwenye bato maziwa utayapima kwa kijiko, na yai utalikataa hata katika mafuta ya kukaangia.

Mama mkwe, kwa upande wa maziwa, ana nusu ya ukweli: watoto wengi wa umri huu hupona. Kwa upande wa yai asikilizwe kwa heshima na asifuatwe. Kuna namna ya kumzoesha mtoto yai polepole, lakini hiyo hufanywa na daktari, mahali penye dawa na vifaa vya kumsaidia kupumua.

Una mwezi mmoja, na huo ni muda wa kutosha kuthibitisha habari ya maziwa. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, kushindwa kwa laktozi mara nyingi hufuata kuhara kukali: ngozi ya ndani ya utumbo imechubuka, na kimeng'enyo kinachovunja laktozi kimepungua kwa wiki kadhaa. Giardia nayo, kimelea cha maji machafu, huleta picha hiyohiyo na ina dawa yake. Anza basi na kipimo cha choo katika maabara ya kituo cha afya. Kisha ondoa maziwa kabisa kwa wiki mbili. Tumbo likitulia, mrudishie kidogo: ml 30 pamoja na chakula siku ya kwanza na ya pili, kisha 60, kisha 100. Pale dalili zinaporudi ndipo mpaka wake ulipo, na safarini utabaki chini ya hapo. Jaribio hili lifanyike nyumbani na liishe angalau wiki moja kabla ya kupanda bato. Ukiona damu au makamasi kwenye choo, kutapika kila anapokunywa, ngozi yenye ukurutu, au kilo haziongezeki, simamisha jaribio umwone daktari: hapo huenda ni aleji ya protini ya maziwa, na mengi ninayosema hapa juu ya maziwa hayatamfaa.

Ili upime vizuri, jua laktozi inakaa wapi. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 katika kila ml 100, na ya mbuzi hayako mbali na hapo. Maziwa ya unga yana karibu gramu 38 katika kila gramu 100, kwa hiyo kipakiti kidogo cha gramu 25 kinabeba karibu gramu 9 au 10, sawa na glasi ndogo ya maziwa. Ndiyo maana uji «uliotiwa kipakiti kimoja tu» unamharisha mtoto ambaye mama anaapa kuwa hakunywa maziwa. Mashanza, yaani maziwa yaliyochachuka, yamepungukiwa laktozi kidogo kwa sababu ya kuchachuka, bado si salama kwa wingi. Jibini ya Masisi iliyokomaa ina laktozi kidogo sana. Kipande cha gramu 20 watoto wengi wa namna hii hukivumilia, mradi umekijaribu nyumbani na hakikukatwa kwa kisu kilichotoka kwenye omleti. Biskuti moja, au siagi ya mimea iliyopakwa kwenye mkate, haifikii gramu moja. Usihangaike nayo kwa ajili ya maziwa. Ihangaikie kwa ajili ya yai. Na kama bado ananyonya, aendelee kunyonya.

Sasa bato. Ningemshauri baba yake aache vitanda, mchukue kano rapidi, yaani boti ya kasi, ya mchana. Inavuka kwa takriban saa tatu, na mtoto aliyekula nyumbani hahitaji chakula cha jiko la mtu mwingine kwa muda huo. Mwanga upo, kipele kinaonekana kinapoanza. Bato kubwa ya usiku inaondoka jioni na kufika asubuhi: ni mlo wa jioni, uji wa asubuhi, giza, wazazi waliolala, na abiria wa jirani mwenye keki. Kasoro ya kano ni kwamba inarukaruka zaidi ziwa likichafuka, na mtoto anaweza kutapika. Kutapika kwa mawimbi nakuchagua mbele ya vipele vya saa nane usiku. Ratiba hubadilika, kwa hiyo thibitisha saa ya kuondoka siku moja kabla, kisha pika kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa hiyo. Ongeza saa tatu za ucheleweshaji bandarini, maana hapo ndipo chakula cha watoto wengi huishia kabla bato haijang'oa nanga.

Kama lazima iwe ya usiku, omba kabini au kitanda cha chini mbali na jiko na meza za kulia, na mpe chakula cha jioni nyumbani, bugali na samaki, kabla ya kwenda bandarini. Muulize pia nahodha au msaidizi wake, mnapopanda, mahali ambapo bato inaweza kutia nanga kukiwa na mgonjwa. Minova na Idjwi zina hospitali. Swali hilo ukiuliza mapema ni adabu. Ukiliuliza mtoto akikoroma ni kelele tu.

Chakula cha kubeba. Kanuni yangu ni vyakula vyenye ganda lao, ambavyo mkono wa mtu mwingine haukuvigusa ndani: ndizi mbivu tatu, viazi vitamu vitatu vilivyochemshwa bila kumenywa, parachichi moja na kisu chako mwenyewe. Vinamenywa pale anapokula, si kabla. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zilizokaushwa na kukaangwa nyumbani, kwa mafuta mapya, hubebeka vizuri kwenye kopo kavu, na mtoto akizitafuna na mifupa yake anapata kalisi ambayo maziwa yangempa. Ila angalia meno yake, na zivunje vipande vidogo. Karanga nzima na bisi viache nyumbani: chini ya miaka mitano hupalia, na bato ikiyumba hupalia zaidi. Siagi ya karanga ni sawa, ikiwa amekwisha kuila bila tatizo. Kitu chochote kipya, hata kizuri namna gani, hakijaribiwi safarini.

Uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) ndio utakaokuokoa asubuhi. Kwa nusu lita ya maji weka gramu 60 za unga, kama vijiko vinne vya mezani vilivyojaa. Koroga kwa maji baridi kwanza, chemsha huku unakoroga kwa dakika 15 ili soya iive, kisha ongeza kijiko kimoja cha mezani cha mafuta na kimoja cha sukari. Unapata karibu kalori 400, zaidi ya theluthi moja ya mahitaji ya siku ya mtoto wa kilo 12. Nunua nafaka usage mwenyewe, au soma mfuko kwanza: unga uliochanganywa tayari wa watoto mara nyingi umetiwa maziwa ya unga, na mwingine ngano. Soya yenyewe, kama ameila siku zote, haina neno.

Termosi huharibu uji kwa sababu moja: inamiminiwa ikiwa baridi. Ijaze maji yanayochemka, ifunge kwa dakika kumi, mwaga, kisha mimina uji ukiwa bado unatokota na uijaze hadi juu. Ukibakiza nafasi ya hewa joto linashuka haraka. Hatari ya vijidudu iko kati ya nyuzi 5 na 60. Fanya jaribio wiki moja kabla: mimina, subiri saa sita, fungua. Kama unaweza kuacha kidole ndani ya uji bila kukitoa haraka, umeshuka chini ya 60 na termosi hiyo haifai kwa usiku mzima. Uji uliomiminwa kwenye kikombe uliwe ndani ya saa mbili; uliobaki unamwagwa. Wali wa kubeba siupendi kwa safari ya usiku, kwa sababu una bakteria ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa na huota tena wali ukipoa polepole. Na termosi iliyobeba chai ya maziwa jana? Kwa laktozi, ukiisafisha haina shida.

Maji: mtoto wa kilo 12 anahitaji karibu ml 1,100 za vinywaji kwa siku. Beba lita 1.5 za kunywa na lita moja nyingine, iliyofungwa, ya kukorogea serumu ya kunywa, ile ya kurudisha maji mwilini. Chemsha mwenyewe. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hilo linatosha kuua vijidudu mradi yatokote kwa dakika moja kamili. Usikubali kikombe kilichosuuzwa kwa maji ya ziwa. Mkoa wetu una kipindupindu cha mara kwa mara, na si kila kuhara kwa mtoto wako kutatokana na maziwa. Akitoa choo kingi cha maji kama maji ya kuoshea mchele, tena na tena, usikae kutafuta nani alimpa chai: mpe serumu, na mkifika nendeni moja kwa moja kituo cha kutibu kipindupindu.

Vyakula vya duka vina lebo za Kifaransa, na kujua neno moja tu hakutoshi. Kwa yai tafuta «œuf», «blanc d'œuf», «jaune d'œuf», «albumine», «ovalbumine», na «lysozyme» au E1105, ambayo baadhi ya viwanda vya jibini huitumia. Kwa maziwa tafuta «lait en poudre», «lactosérum», «lactose», «beurre». «Caséine» na «caséinate» ni protini, zinamhusu mwenye aleji ya maziwa. Kwa mtoto wako, kama ni laktozi tu, hazina uzito mkubwa. Unga mweupe wa chai unaouzwa kama mbadala wa maziwa una kaseini mara nyingi, na mama mwenye mtoto wa aleji ya maziwa asidanganyike na picha ya nazi. «Peut contenir des traces d'œuf», yaani huenda ina chembe za yai, nakushauri uikatae safarini hata kama nyumbani uliwahi kuikubali. Bidhaa isiyo na lebo kabisa, mandazi, keki, mkate unaong'aa juu, unahesabu kuwa ina yai. Mng'ao ule wa mkate mara nyingi ni yai lililopakwa.

Tuje jikoni kwa bato, maana hapo ndipo kosa hutokea. Asubuhi kikaango kimoja kinapika omleti kumi na tano, kisha ndizi, kisha samaki, kwa mafuta yaleyale. Kijiko kilichogeuza omleti kinageuza sambaza. Hakuna anayedanganya, mpishi anakwambia «samaki haina yai» na kwa mtazamo wake anasema kweli. Kwa hiyo usimuulize «kuna yai?». Kwa heshima atakujibu «hapana mama, hamuna». Muulize «ulitia nini, na ulikaangia wapi?» Bora zaidi, usiombe kitu cha kukaanga kabisa. Omba viazi au ndizi vya kuchemshwa kwa maji mapya. Mwendee mnapopanda tu, jiko likiwa bado baridi, umwambie kwa maneno yake:

«Papa, mutoto wangu hakuli yai hata kidogo. Akikula anaweza kukosa pumzi. Naomba umuchemushie viazi na maji ya mupya, kwa sufuria yenye haikupika yai. Chumvi tu, usitie kitu ingine.»

Neno «kukosa pumzi» ndilo linalofanya kazi. Ukisema «yai halimpendezi» atadhani mtoto anadeka, na utasikia maneno ya «mutoto wa kizungu». Andika vilevile kwenye kipande cha karatasi, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili («Allergie grave à l'œuf: pas d'omelette, pas de mayonnaise, pas de friture dans la même huile»), ukiache jikoni, kwa sababu anayepokea ombi jioni siye anayepika asubuhi. Mchemraba wa kiungo nao ukatae: baadhi una ngano, maziwa au yai, na lebo yake imeshatupwa.

Hatari ya pili ni upendo. Kwenye benchi la bato mtoto ni wa wote, na shangazi usiyemjua atampa mandazi kabla hujageuka. Ukikaa tu, waambie majirani wote kwa sauti: yai linamfunga pumzi, asipewe kitu bila mama. Mshonee au mbandikie kitambaa kifuani chenye maneno «Nisipewe chakula». Mpe na kitu chake mwenyewe mkononi, maana mtoto mwenye ndizi hatamani sana ya jirani. Kabla ya kula, nawa mikono yake na yako kwa maji na sabuni, ufute na benchi. Jeli ya alkoholi inaua vijidudu lakini haiondoi protini ya yai.

Kutapika kwenye bato hakuna maana moja tu. Chini ya miaka miwili mawimbi huwapata wachache. Kuanzia hapo hadi miaka 12 ndio umri unaoathirika zaidi, na mtoto wako ameshaingia humo. Kichefuchefu cha mawimbi hutangulia kwa kupiga miayo, kunyamaza, kupauka na jasho baridi; hatoi vipele, haharishi, na hutulia bato ikitulia. Laktozi huanza baada ya nusu saa hadi saa mbili: tumbo linanguruma, linavimba, choo ni cha maji chenye harufu ya uchachu na matako yanawaka wekundu. Yai huonekana kwanza kwenye ngozi na midomo, ingawa linaweza kuanza kwa kutapika ghafla. Basi mtoto akitapika, mvue shati, washa taa, umtazame tumbo, mgongo na shingo kabla ya kusema «ni mawimbi».

Kuzuia mawimbi: mlo mwepesi saa moja au mbili kabla, asiwe na tumbo tupu wala lililojaa, kaeni katikati ya bato na chini, aangalie mbali, si simu. Watu humpa mtoto promethazine alale. Chini ya miaka miwili imekatazwa kwa sababu inaweza kupunguza pumzi, na hata juu ya hapo siipendi kwa mtoto wako: ukimlaza kwa dawa, hatakuonyesha kuwa koo linabana. Na akitapika, mtu atakuja na maziwa au mawese, «amekula sumu huyo». Mshukuru, ukatae vyote viwili. Maziwa unayajua. Mafuta kwa mtoto anayetapika yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Mfuko wa dawa ni mdogo: pakiti nne za SRO (unga wa serumu), zinki ya mg 20, dawa ya maji ya cetirizine, kijiko au sindano ya kupimia, na cheti cha daktari kinachotaja aleji. Dawa ya kufunga choo ya watu wazima isiwemo.

Akiharisha kwa sababu ya maziwa: simamisha maziwa, endelea na chakula. Pakiti moja ya SRO kwa lita moja kamili ya maji safi. Ukikoroga kwenye nusu lita chumvi inazidi na unamdhuru. Mtoto wa miaka miwili na zaidi hupewa ml 100 hadi 200 kila baada ya choo, kwa vijiko au mafunda madogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Serumu hiyo haina laktozi, na iliyokorogwa imwagwe baada ya saa 24. Zinki ni mg 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Pakiti zikiisha: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwa lita moja. Soda na juisi za paketi hazirudishi maji. Sukari yake nyingi inavuta maji zaidi kwenye utumbo na kuhara kunaongezeka. Macho yakizama, akiwa hana machozi, amelegea au anakataa kunywa, hiyo ni hospitali.

Akigusa yai: toa kilichobaki mdomoni, futa na osha uso na mikono, tazama saa kwenye simu na uiandike. Vipele vichache bila kingine: cetirizine, ambayo kwa miaka 2 hadi 5 kipimo cha kawaida ni mg 2.5 mara mbili kwa siku (ml 2.5 za chupa ya mg 1 kwa ml, chupa za matone ni nzito zaidi, soma yako). Kaa naye macho kwa saa nne. Lakini sauti ikikauka, akikohoa mfululizo, akikoroma au kuvuta mbavu, ulimi ukivimba, akitapika tena na tena pamoja na vipele, au akilegea na kupauka, cetirizine haitoshi na usiingoje ifanye kazi. Dawa ni adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje: mg 0.01 kwa kilo, kwake mg 0.12, yaani ml 0.12 ya ampuli yenye mg 1 kwa ml. Inarudiwa baada ya dakika tano kama hajapata nafuu. Hicho ni kipimo cha mhudumu aliyefundishwa. Mweleze daktari wako wiki hii kuwa mtavuka ziwa, umuulize kama akupatie ampuli na sindano ya ml 1 na kukufundisha kwa vitendo. Ampuli bila mafunzo usiibebe. Kama mtoto ana pumu pia, sema waziwazi, hatari inapanda. Mlaze chali na miguu juu. Akishindwa kupumua mwache akae akiegemea kwako. Usimsimamishe wala kumtembeza. Nahodha atangaze kama kuna muuguzi ndani, na bato ielekee bandari ya karibu. Hata akipata nafuu kabisa, mkifika apelekwe hospitali, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Goma kwenyewe ni rahisi kuliko ziwa, isipokuwa siku ya harusi. Keki ina yai na maziwa. Mayonezi ipo kwenye saladi na chipsi. Mipira ya nyama hufungwa kwa yai. Chapati za wapishi wengine zina yai. Mpe chakula chake kamili kabla ya kutoka, beba kopo lake, na mteue mtu mmoja tu, kwa jina, wa kumlisha. «Sote tutamwangalia» maana yake hakuna. Samaki wa kuchoma, bugali, maharagi na lengalenga (mchicha) vinamtosha, ukihakikisha samaki hakupakwa mayonezi kabla ya moto. Kwenye sombe (majani ya mihogo) ulizia karanga kama hajawahi kuzila. Siku tatu bila maziwa hazimpunguzii kitu mtoto anayekula sambaza na maharagi.

Kwa kurudi, usitegemee mabaki ya sherehe. Acha nusu kilo ya unga wako wa masoso kwenye begi, na omba jiko la wenyeji saa mbili kabla ya kwenda bandarini, na sufuria uioshe mwenyewe.

Mkiamua kurudi kwa barabara ya Rwanda na kadi ya chanjo ikadaiwa mpakani: chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwenye mayai ya kuku, na mwenye aleji ya yai lazima amwambie muuguzi kabla ya kuchomwa. Kama mtoto wako alishaipata akiwa na miezi tisa bila shida, beba kadi hiyo ili asichomwe tena bure. Ya surua haina tatizo hilo, asinyimwe.